Mgonjwa wa Pumu Akae Mezani

Ninyi wa Likasi mjini, wa Kambove, wa Kapolowe, na hasa ninyi ndugu zetu wa Mwadingusha mnaosikia maji ya mto Lufira kabla ya kusikia redio, karibuni.

Jioni hii tuongee habari ya pumu. Wenye pumu mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo sitawafundisha dalili zake. Ninalotaka kulisema ni hili: pale inapopangwa namna ya kuwasaidia wenye pumu, wenye pumu wenyewe hawapo, na muuguzi anayewapokea usiku wa manane naye hayupo. Nadhani hapo ndipo mipango mingi inapoharibikia, hata kabla dawa haijapakiwa kwenye gari.

Fikirini ugonjwa wenyewe ulivyo. Malaria hupimwa kwa tone la damu, mtu akapewa vidonge vya siku tatu, akapona akarudi shambani. Pumu haina siku ya kumalizika. Mwenye nayo analala nayo na kuamka nayo. Muuguzi humwona mara chache kwa mwaka, tena siku ambayo kifua kimeshabana na ndugu wamembeba. Siku nyingine zote yeye peke yake ndiye anayeamua. Avute pampu sasa au aitunze kwa sababu dawa inakaribia kwisha? Mbabula, lile jiko la makala, aiwashe ndani kwa kuwa nje mvua inanyesha, au alale na njaa? Apande pikipiki kwenda Likasi usiku huu, au angoje kupambazuke? Maamuzi hayo madogo ndiyo matibabu ya pumu. Sasa mpango ambao haukumuuliza huyo mwamuzi chochote, utamsaidia kwa njia gani?

Mwadingusha mna mfano wa kuwaonyesha wapangaji wa afya. Mtambo wenu wa umeme ulijengwa na kampuni ya madini ya Union Minière, ukaanza kazi mwaka 1930, wakati huo ukiitwa Francqui. Karibu miaka 90 baadaye ukafanyiwa matengenezo makubwa, mashine zake 6 zikabadilishwa, na mwaka 2021 umeme ukaanza kurudi kwenye laini kuelekea migodini. Kila fundi anajua kwamba mashine ya namna ile haifunguliwi bila kumuuliza anayekesha nayo: inanguruma vipi maji yakipungua, inatikisika wapi, ilikataa lini mara ya mwisho. Mainjinia hukaa chini na kumsikiliza mtu huyo, hata kama hana diploma, kwa sababu masikio yake yamesikia mambo ambayo michoro haikuandika. Mwenye pumu amekesha na kifua chake miaka 20 au 30. Anastahili kusikilizwa hivyohivyo.

Akisikilizwa, atasema nini? Tuseme ni mama anayekausha samaki kando ya ziwa Tshangalele. Ziwa lile lilitokana na bwawa la mtambo, na sasa familia nyingi zinaishi kwa samaki wake. Mama huyu ana pumu. Anakwenda kituo cha afya, anaambiwa: mama, epuka moshi. Ni neno sahihi, liko katika kila kitabu cha udaktari. Lakini samaki mbichi hafiki Likasi salama bila barafu, na barafu hakuna, kwa hiyo lazima apitie motoni. Moto wa kukausha samaki hautakiwi uwake kwa nguvu. Unatakiwa utoe moshi, mwingi na wa taratibu, na mama lazima ainame juu ya wavu kugeuza samaki mmoja mmoja wasiungue. Kila anapogeuza, anavuta moshi. Ukimwambia aepuke moshi umemwambia aache kazi inayolipa karo ya watoto. Atakuitikia ndiyo, kwa heshima, na kesho asubuhi utamkuta palepale.

Mama huyohuyo, ukimpa nafasi ya kusema, huenda akakueleza kwamba upepo wa ziwa hubadilika saa fulani ya asubuhi, na kwamba tanuri likielekezwa upande mwingine, na samaki wakigeuzwa kwa mti mrefu badala ya mkono, nusu ya moshi inakwenda zake. Huenda akasema yuko tayari kukausha siku mbili kwa juma na kumwachia dada yake siku nyingine, mradi wagawane mauzo. Hayo hayamo kwenye kitabu chochote cha wataalamu wa afya wa Geneva. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Moshi wa samaki ni mmoja tu. Kuna wanaochoma makala porini, wanaokaa siku kadhaa wakilinda tanuri la udongo lisipasuke. Kuna jikoni zetu, ambazo zinapika kwa makala hata pale ambapo nyaya za umeme zinapita juu ya paa. Kuna moto wa nyasi mwezi wa nane na wa tisa, hadi jua linakuwa jekundu mchana. Kuna baridi ya mwezi wa sita na wa saba, ambayo wenye pumu huiogopa kuliko mvua. Na ukielekea Likasi kuna vumbi la madini. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2009 ulioonyesha kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini wana kobalti nyingi mno katika mkojo wao, wakiwemo watoto. Na madaktari wa viwandani wanajua tangu zamani kwamba vumbi la kobalti linaweza kuleta pumu kwa wanaofanya nalo kazi. Kwa hiyo ukikutana na wagonjwa watatu wa pumu katika eneo letu, unaweza kukuta vichochezi vitatu tofauti, na hakuna atakayekuambia kichochezi cha nani ni kipi isipokuwa wao.

Sasa nimgeukie muuguzi, kwa maana naye ameonewa. Tunapenda kumlaumu: hakunisikiliza, alinichoma sindano akanirudisha nyumbani. Lakini tumweke mahali pake. Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo cha afya kijijini, anahudumia malaria, uzazi, chanjo, utapiamlo, anajaza madaftari, anaandika ripoti ya mwezi. Kwenye kabati lake mara nyingi ana vidonge vya salbutamoli na sindano ya aminofilini, dawa za miaka mingi, za bei nafuu, zinazofanya mikono itetemeke na moyo uende mbio. Pampu ya salbutamoli hupatikana kwa shida. Ile pampu nyingine, ya beklometazoni au budesonidi, inayotuliza uvimbe ndani ya njia za hewa na kuzuia shambulio lisije, hiyo ndiyo adimu zaidi, na ndiyo inayohitajika zaidi. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaotolewa na shirika la GINA, unasema mtu mzima au kijana asitibiwe kwa salbutamoli peke yake, kwa sababu salbutamoli inafungua kifua kwa saa chache huku uvimbe ukiendelea chini kwa chini. Ni mwongozo mzuri. Lakini aliyeuandika hakusimama mbele ya kabati la titulaire wetu. Muuguzi akiitwa mezani, atasema: nileteeni kwanza dawa, kisha mniletee mwongozo. Atasema pia kwamba kumfundisha mtu kuvuta pampu sawasawa kunahitaji dakika kumi, na nje kuna mama 40 wenye watoto wa kupimwa uzito. Mpango usiohesabu dakika hizo kumi hautatekelezwa, hata ukipigwa mihuri mitatu.

Tuangalie jambo moja kwa karibu, kwa sababu lina matumaini. Mtoto mdogo hawezi kutumia pampu mdomoni moja kwa moja. Dawa inatoka kwa kasi, inagonga koo, inamezwa, na kifua hakipati kitu. Kwa hiyo panahitajika chombo katikati ya pampu na mdomo, ambamo dawa inatulia kama ukungu, mtoto akaivuta kwa pumzi zake za kawaida. Cha dukani ni ghali. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya jaribio lao: chupa ya plastiki ya nusu lita, ile ya maji au soda, iliwasaidia watoto waliokuwa na shambulio la pumu sawasawa na chombo cha dukani. Inatengenezwa hivi. Unaosha chupa na kuiacha ikauke. Unakunja waya kufuata umbo la mdomo wa pampu, unaupasha moto, unatoboa nao kitako cha chupa. Unaingiza pampu, unaziba pembeni kwa gundi ili hewa isitoroke. Kuziba huku kuna maana, kwa sababu chupa isiyozibwa haikufanya kazi vizuri kama iliyozibwa. Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa. Unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi polepole, kisha unabonyeza tena.

Hiyo ni sayansi safi, na ni ya kwetu Waafrika. Lakini hata chupa haitoshi kwa kuwa ni chupa tu. Je, mama atakubali mtoto wake avute dawa kwenye kitu alichokiona jalalani, au ataona amedharauliwa kwa ajili ya umaskini wake? Mtoto ataitumia mbele ya wenzake shuleni, au ataificha? Nani kijijini ana gundi nzuri? Nani ataitengeneza upya ikipasuka? Pengine fundi wa redio wa pale sokoni ndiye mtu wa kumwita. Maswali haya hujibiwa na akina mama, watoto, muuguzi na fundi wakiwa wamekaa pamoja na chupa iko mkononi, wakiijaribu, wakiikataa, wakiibadilisha.

Wapo watakaosema mimi natia chumvi, kwamba kitu kizuri kikiletwa watu watakipokea. Basi tuitazame Malawi. Huko ulifanyika utafiti mkubwa kuhusu majiko ya kuni yenye feni ndogo, yanayotoa moshi kidogo. Kila nyumba iliyochaguliwa ilipewa majiko mawili na paneli ya jua ya kuchajia. Walifuatiliwa watoto 10,750 wa vijiji 150, na matokeo yakatoka katika Lancet: nimonia kwa watoto haikupungua. Akina mama waliyapenda majiko yale, na watoto walioungua moto walipungua, jambo la kushukuru. Lakini majiko yaliharibika na kuhitaji matengenezo, na moshi ulikuwa unatoka kwingine pia, kwenye taka zinazochomwa, kwa jirani, kwenye taa. Watafiti wenyewe walisema hivyo kwa uwazi, na ninawaheshimu kwa hilo. Funzo ninalolichukua mimi ni kwamba moshi wa kijiji haumo katika chungu kimoja, na ramani ya moshi huo wanayo wanakijiji.

Jirani zetu wa mashariki wameanza kufanya kwa namna nyingine. Uganda, wilaya ya Masindi, watafiti wa mradi uitwao FRESH AIR walikuta kwamba katika watu wazima wa vijijini wenye zaidi ya miaka 30, asilimia 16 walikuwa na ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa, katika mahali ambapo karibu kila nyumba inapikia kuni. Kabla ya kutoa maagizo, walikaa na watu na kuwauliza wanaishije na kikohozi na kukosa pumzi. Baadaye mafunzo kuhusu moshi yalipitia kwa wahudumu wa afya wa vijiji, watu wanaojulikana kwa majina na majirani zao.

Nairobi nako, katika mtaa wa mabanda wa Mukuru, wasanii, watafiti na wakazi walikutana wakafanya michezo ya kuigiza, nyimbo na michoro kuhusu hewa wanayoivuta. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa utafiti wa afya ya mapafu ya watoto, wakauita Tupumue, wakilinganisha watoto wa Mukuru na wa Buruburu, mtaa wa jirani wenye maisha nafuu zaidi. Watoto wa Mukuru walikuwa na dalili nyingi zaidi, kikohozi na kukosa pumzi, lakini waliowahi kuambiwa na daktari kwamba wana pumu walikuwa wachache zaidi kuliko wenzao wa Buruburu. Jambo hili limenikaa moyoni. Mtoto anaumwa, na ugonjwa wake hauna jina. Katika utafiti mwingine wa wanafunzi zaidi ya 27,000 katika miji 6 ya Afrika, Kampala ikiwemo, kati ya waliokuwa na dalili za pumu ni asilimia 20 tu waliokuwa wamewahi kuthibitishiwa na mganga. Kama ndivyo ilivyo Kampala yenye hospitali kubwa, mwaweza kukisia hali ya watoto wetu wa kando ya ziwa, wanaoambiwa tu kwamba wana kifua.

Njia ya kuwakalisha pamoja mgonjwa na mganga ipo, na imejaribiwa. Uingereza, katikati ya miaka ya 2000, watafiti Paul Bate na Glenn Robert waliijaribu katika hospitali ya Luton na Dunstable pamoja na wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo. Msingi wake ni rahisi. Kwanza wagonjwa wanakutana peke yao na kusimulia yaliyowapata, yaliyowauma na yaliyowafariji. Wauguzi na madaktari nao wanakutana peke yao na kusema yao. Ndipo pande mbili zinakaa pamoja, zinachagua mambo machache ya kubadilisha, na kila jambo linapewa watu wa pande zote mbili kulisimamia. Kule kuanza kwa kutengana kuna hekima kubwa, hasa kwetu sisi. Mama wa kijijini hatasema mbele ya titulaire kwamba aliacha pampu kwa sababu mume alisema dawa ile inadhoofisha moyo. Na titulaire hatakiri mbele ya mganga mkuu wa zone kwamba yeye mwenyewe hajawahi kufundishwa kutumia pampu. Wakitengwa kwanza, watasema.

Congo hatuhitaji kuunda chombo kipya kwa kazi hii. Nchi yetu ina zone za afya 519, na kila aire ya afya, yaani eneo linalohudumiwa na kituo kimoja cha afya, inapaswa kuwa na kamati ya maendeleo, ile tunayoiita CODESA, pamoja na wahudumu wa kijiji, ma-reko. Mara nyingi kamati hizi huitwa pale chanjo inapokuja au kisima kinapochimbwa. Naomba zone za eneo letu zijaribu kuitumia CODESA kwa ajili ya pumu, katika aire moja tu kwa kuanzia. Mwadingusha ni mahali pazuri: pana wavuvi, pana wachoma makala, pana wafanyakazi wa mtambo katika nyumba za shirika la umeme, moshi na vumbi vya kila aina. Waitwe wenye pumu, watu wazima na vijana, na mama wa watoto wenye pumu. Waitwe pia wale waliokata tamaa wakahamia kwa waganga wa mizizi, kwa sababu hao ndio wanaojua mlango gani wa kituo cha afya uliwashinda kuingia. Wachore wenyewe ramani ya moshi. Wachague wao kipi kijaribiwe kwanza, chupa, tanuri la samaki, au mfuko mdogo wa kununulia pampu kwa pamoja. Kijaribiwe kiangazi kimoja, kisha wakae tena.

Najua pingamizi linalokuja, kwamba wagonjwa wetu hawakusoma na watachelewesha kazi. Wasikilizaji, Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000 duniani, na wengi wa wanaokufa kwa pumu wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Hata Uingereza yenye madaktari wa kutosha, walipochunguza vifo 195 vya pumu na kutoa ripoti mwaka 2014, walikuta kwamba karibu nusu ya marehemu walikufa bila kuomba msaada wa mganga au kabla msaada haujawafikia, na ni asilimia 23 tu waliokuwa na karatasi inayowaeleza la kufanya hali ikibadilika. Nchi ile haikupungukiwa na wasomi. Kilichopungua ni mpango ambao mgonjwa anaushika mkononi na kuuelewa nyumbani kwake saa nane za usiku.

Limebaki suala la posho ya wagonjwa watakaoitwa kikaoni, nalo sitaki kulikwepa. Kuna wakubwa wanaoona haya kumlipa mgonjwa, eti atakuja kwa ajili ya fedha. Mtaalamu anayetoka Lubumbashi kuhudhuria kikao hulipwa usafiri, chakula na mahali pa kulala, na hakuna anayemshuku. Mvuvi aliyeacha nyavu majini asubuhi nzima amepoteza kitoweo na mauzo ya siku ile, na mama wa samaki amewaacha samaki wake waoze. Kwa hiyo kikao kisiwekwe siku ya soko, kianze baada ya mitumbwi kurudi, kifanyike nje mahali pasipo na mbabula, na kila mgonjwa alipwe siku yake kabla kikao hakijafunguliwa, asaini daftari lilelile analosaini mtaalamu.